Ukiinamisha Macho Mbele ya Jopo

Msimu wa usaili ukifika Dodoma, mafundi viatu ndio wa kwanza kujua. Vijana wanashuka stendi ya Nanenane na stesheni ya treni ya SGR, kila mmoja na bahasha yake ya kaki yenye vyeti halisi, na kabla hata ya kutafuta chai wanatafuta mtu wa kuwapigia viatu kiwi. Vumbi letu ni jekundu na jepesi, na upepo wa kiangazi haumchagui mtu. Kijana anatoka gesti kiatu kinang'aa, anashuka kwenye bodaboda mbele ya geti la ofisi kiatu kimeshabadilika rangi. Nawaona wakiinama kando ya barabara wanafuta kwa karatasi laini waliyoibeba mfukoni makusudi.

Nina duka la steshenari Makole. Natoa kopi, nachapa barua na wasifu, napiga picha za pasipoti. Nyuma ya kitambaa cha bluu natundika koti jeusi na tai za kuazima, kama studio nyingi zinavyofanya, kwa hiyo sehemu kubwa ya kazi yangu ni kuwatazama watu wakijiandaa kutazamwa. Mzee anakaa kwenye stuli, anavua kofia, anapangusa uso, na papo hapo uso uliokuwa unacheka nami unakauka. Namwambia alegee, mzee wangu, halegei. Picha inayokwenda serikalini, kwake, si picha ya kuchekea.

Vijana wa usaili wana maswali mengine. "Dada, nikishakaa pale mbele mikono niweke wapi?" "Niwaangalie wote machoni au yule anayeuliza tu?" "Nikitabasamu hawataniona kama nachukulia mzaha?" Ni nadra kuulizwa wajibu nini, maana majibu wameshayasoma mpaka usiku wa manane. Wanachoogopa ni miili yao, kwamba itasema jambo ambalo wao hawakukusudia kulisema. Nina neno juu ya hofu hiyo, na kwa sehemu kubwa haliwahusu wao. Linawahusu wanaokaa upande wa pili wa meza.

Nianze na namba. Wahamasishaji wanaofundisha namna ya kufaulu usaili wanaipenda sana namba 93. Wanasema asilimia 93 ya mawasiliano ni mwili na sauti, na maneno yenyewe ni asilimia 7 tu. Wateja wangu huja nayo wameiandika kwenye daftari. Namba hii ina mwenyewe. Mwaka 1967 mwanasaikolojia Albert Mehrabian wa Chuo Kikuu cha California, Los Angeles, alichapisha pamoja na wenzake majaribio mawili. Katika moja, watu walisikilizishwa neno moja moja lililorekodiwa kwa sauti za kupenda, za kuchukia na za kawaida. Katika lingine, neno lenye maana ya "labda" lilisomwa kwa sauti mbalimbali huku wasikilizaji wakionyeshwa picha za nyuso. Swali lilikuwa hili: msemaji anampenda anayeambiwa, hampendi, au yupo katikati? Maneno, sauti na uso vilipogongana, uso ndio uliaminiwa zaidi. Kutokana na hapo zikapatikana 7 ya maneno, 38 ya sauti na 55 ya uso.

Basi. Hakuna aliyehojiwa kazi katika majaribio hayo. Hakuna aliyeeleza namna ya kukokotoa mafuta ya gari la ofisi au kuandaa taarifa ya robo mwaka. Mehrabian mwenyewe amesema wazi kwamba hesabu yake inahusu mtu anapoeleza hisia zake na anavyompokea mwenzake, si mazungumzo yote. Ingekuwa inahusu yote, mgeni asiyejua neno la Kiswahili angekaa kwenye jukwaa la wageni pale Bungeni siku ya hotuba ya bajeti, akatoka ameelewa karibu kila kitu.

Nimeisema hii kwa kirefu kwa sababu namba ile inafanya madhara. Inamfanya kijana anayeijua kazi yake atumie wiki nzima akijifunza kukaa, na inampa msaili ruhusa ya kuamini kwamba akishamtazama mtu anavyoingia mlangoni amekwisha kumjua.

Lakini mwili unasema, sikatai. Mimi nimekulia upande wa Mvumi, na ninachokijua juu ya mwili nilikijua huko kabla sijajua kusoma. Mtoto wa Kigogo hafundishwi adabu darasani. Anasukumwa kidogo mgongoni na mkono wa mama mgeni akifika, anajua anatakiwa kwenda kusalimia. Anatoa kitu kwa mkono wa kulia, na kwa mkubwa mkono wa kushoto unashika kiwiko cha ule wa kulia, au anatoa kwa mikono yote miwili. Hakunji nne mbele ya wazee. Haweki mikono mfukoni anaposemeshwa. Hashiki kiuno, hasa akiwa msichana, maana kushika kiuno mbele ya mkubwa ni kumwambia nipo tayari kwa ugomvi. Hashiki tama, kwa kuwa anayekaa na shavu kiganjani anaita msiba nyumbani. Na anapoonywa, anaangalia chini. Ole wake akiinua macho. "Unanikodolea macho mimi?" Swali hilo halijibiwi, na linalofuata wengi wetu tunalikumbuka.

Kisha salamu yenyewe. Watu wazima wakikutana njiani kule kwetu, ikishatamkwa "mbukwenyi" ndiyo kwanza mlango umefunguliwa. Zinafuata habari za nyumbani, za watoto, za ng'ombe, za mvua kama ni masika au za njaa kama ni mwaka mbaya, na wakati wote huo mikono imeshikana, inalegea, inashikana tena. Macho hayatulii usoni kwa mwenzako. Yanakwenda kwenye kilima, kwenye mifugo, yanarudi, yanaondoka. Mtu anayetaka kusema jambo zito halisemi akiwa amekukabili uso kwa uso. Anakaa pembeni yako, mnatazama upande mmoja, ndipo anasema. Nimeona posa ikizungumzwa hivyo, na nimeona deni likidaiwa hivyo, na sijawahi kumsikia mtu akidai kwamba mwenzake hakujiamini kwa kuwa hakumwangalia.

Sasa mchukue kijana aliyelelewa hivyo, amesoma, amefaulu mtihani wa mchujo wa kuandika, akaitwa kwenye mahojiano. Anaingia. Mbele yake wamekaa watu wazima wenye umri wa baba na mama zake. Kila kitu alichofundishwa tangu anatambaa kinamwambia ainamishe macho, apunguze sauti, akae ukingoni mwa kiti, ajibu kwa ufupi, asijisifu. Na kila kitu alichofundishwa na mhamasishaji wiki iliyopita kinamwambia kinyume chake. Kijana mmoja wa namna hiyo alinirudia dukani baada ya matokeo. Alikuwa amepata habari kwa mtu anayemjua kwamba kwenye karatasi ya alama palikuwa na maneno "hajiamini". Alilirudia neno lile mara kadhaa huku anakunja na kukunjua risiti ya kopi. Huyu ni kijana aliyemzika baba yake akiwa kidato cha tatu, akalima alizeti na wadogo zake, akajisomesha. Kujiamini kwake kungeonekana wapi, kama si kwenye maisha hayo ambayo hakuna aliyemuuliza?

Watakaosema "basi ajifunze, dunia ndiyo ilivyo" nawaelewa. Hata mimi nawafundisha. Nawaambia mwangalie anayeuliza kwenye kipaji cha uso kama macho yake yanakuelemea, maliza sentensi yako mpaka mwisho, usiimeze. Lakini kwa nini kujifunza kuwe kwa upande mmoja tu? Mwenye kalamu ana nafasi ya kuuliza swali la pili. Anayetafuta kazi hana.

Dodoma ni mahali pa kulitazama jambo hili kwa makini kuliko mahali pengi. Uamuzi wa kuhamishia makao makuu hapa ulifanywa mwaka 1973, lakini ni tangu mwaka 2016, Rais Magufuli alipotangaza kwamba serikali inahama kweli, ndipo mji ulipojaa. Mwaka 2018 ukawa jiji. Leo kwenye foleni moja ya ofisi unamkuta mama wa Kirangi kutoka Kondoa, mfanyabiashara wa Kichaga, kijana wa Kizaramo, Mmasai na fimbo yake, mtumishi aliyehamishwa kutoka Mwanza ambako msichana akimsalimia mkubwa anapiga goti mpaka chini, na bibi wa Kigogo kutoka Bahi. Wote wanaongea Kiswahili. Miili yao haiongei lugha moja. Yule wa pwani anasogea karibu na anacheka huku anakugusa bega, na bibi wa Bahi anadhani amekosewa heshima. Mama kutoka Mwanza anapiga goti mbele ya kaunta, na karani aliyekulia mjini anadhani anaombwa msaada wa fedha.

Kuna mambo ya mwili yanayovuka mipaka, sikatai. Hakuna anayehitaji mkalimani wa kilio cha mama aliyefiwa. Mwaka 1967 na 1968 mwanasaikolojia Paul Ekman alikwenda kwa watu wa Fore huko Papua New Guinea, wengi wao wakiwa hawajazoea picha wala sinema, akakuta kwamba nyuso za furaha, hasira, huzuni na karaha wanazitambua kwa kiasi kikubwa. Wataalamu wamebishana juu ya kazi hiyo mpaka leo, lakini mimi naona kuna ukweli ndani yake. Tatizo ni kwamba usoni mwa mtu aliyekuja ofisini hakuna hisia tupu. Kuna hisia iliyofunikwa na malezi, na malezi ndiyo yanayotofautiana.

Ukitaka kuona jinsi mwili peke yake unavyoweza kumchanganya msomaji, panda gari uelekee Kondoa, ushuke Kolo, upande mlimani kwenye michoro ya miambani ambayo mwaka 2006 iliingizwa kwenye Urithi wa Dunia. Kuna mchoro mmoja maarufu, watu wembamba warefu wenye vichwa vikubwa wamesimama pande mbili za mtu mmoja wa katikati, wameshikana naye mikono. Mary Leakey, aliyefanya kazi kubwa ya kunakili michoro ya eneo hilo mwaka 1951, na waliokuja baada yake, wameuangalia kwa macho tofauti. Wapo walioona mwanamke anayetekwa, wengine wanampigania. Wapo walioona ngoma. Wapo walioona ibada. Mikono ni ileile, miguu ni ileile. Kilichokosekana ni mtu wa kuulizwa. Sisi maofisini tuna mtu wa kuulizwa, amekaa pale mbele yetu, na bado tunamsoma kama mchoro.

Jambo lililonifanya niandike haya ni mama mmoja wa makamo aliyekuja kwa ajili ya shauri la shamba la marehemu mumewe. Siitaji ofisi wala kijiji. Alikwenda asubuhi, akarudi kwangu mchana kutoa kopi ya karatasi aliyopewa. Nikaisoma. Ilieleza kwamba amekubali shamba ligawanywe na shemeji yake achukue sehemu ya chini, yenye bustani. Nikamuuliza, "Mama, umekubali hivi?" Akashtuka. Hakukubali kitu. Alisema alikaa, akaelezwa, na kila alipoelezwa akawa anaitikia "eeh" na kutikisa kichwa.

Kwa yeyote aliyekaa na wazee wetu jambo hili halina fumbo. Mkubwa anapoongea huwezi kunyamaza kimya, kunyamaza ni kiburi. Unaitikia. "Eeh." "Eeh, baba." Unatikisa kichwa, kumwonyesha kwamba masikio yapo na maneno yanaingia. Jibu lako mwenyewe linakuja mwishoni, baada ya kukaa kimya kidogo, na mara nyingi linaanza kwa kumshukuru aliyesema. Yule ofisa alipofika mwisho wa maelezo yake hakungoja ule ukimya. Aliuona kama ruhusa. Akaandika, mama akaweka dole gumba. Hakuwa na ubaya, naamini hivyo, na foleni nje ilikuwa ndefu. Tuliandika barua ya kupinga siku ileile, na shauri likafunguliwa upya. Lakini wangapi hawapiti kwenye duka la mtu anayeijua "eeh" ya kwao?

Tangu siku ile, nikisikia watu wanazungumzia lugha ya mwili kana kwamba ni ufundi wa kuwavutia watu, nakosa raha. Mimi naifikiria ardhi.

Niingie kwenye mavazi, ambayo ni nusu ya jambo lenyewe. Kwenye mageti ya ofisi nyingi za serikali kuna bango lenye picha za mavazi yasiyoruhusiwa, kila moja imepigwa alama ya kukataza: sketi fupi, suruali ya kubana, kaptula, fulana yenye maandishi, kandambili. Nafahamu sababu yake na kwa sehemu kubwa naikubali. Nchi hii imehangaika na nguo muda mrefu. Oktoba 1968 Umoja wa Vijana wa TANU ulitangaza Operesheni Vijana, ikaanza kutumika Januari 1969, dhidi ya sketi fupi, mawigi, vipodozi vya kujichubua na suruali za kubana. Na hapa hapa Dodoma, Juni 2021, mbunge wa Momba, Condester Sichalwe, aliambiwa na Spika atoke ukumbini akavae vizuri kisha arudi. Alikuwa amevaa suruali nyeusi na blauzi ya njano. Nchi ilijadili suruali ile siku nzima na zaidi. Alichokuwa amekuja kukisema bungeni siku hiyo, wangapi wanakikumbuka?

Kandambili kwenye bango zinanigusa kuliko suruali. Mtu wa kijijini anapovaa kandambili hajafanya uamuzi wa kuidharau ofisi. Hizo ndizo viatu alivyo navyo, na amezisugua kwa mchanga asubuhi mpaka zikawa nyeupe. Nimeshamwazima mzee raba za mwanangu ili avuke geti. Akaingia kwa haya, akitembea kwa uangalifu kwa sababu raba zilikuwa ndogo, na nina hakika aliyempokea ndani aliona mzee anayesitasita.

Haya si maneno ya huruma tu. Mwaka 1920 mwanasaikolojia wa Marekani, Edward Thorndike, aliangalia jinsi makamanda wa jeshi walivyowapima askari wao kwa umbo, akili, uongozi na tabia, kila kimoja peke yake. Alama zilifuatana mno kuliko inavyowezekana. Aliyeonekana nadhifu na mwenye umbo zuri akapewa akili na uongozi juu yake. Wale walikuwa watu wazoefu, wanaishi na askari wao. Sisi tunampima mtu kwa dakika chache kupitia dirisha la kioo, na tayari tumeona kola ya shati imechakaa. Wahenga walilijua hili bila kupima askari: uzuri wa mkakasi, ndani kipande cha mti. Methali hiyo huwa tunaitumia kuwaonya watu wasidanganywe na wazuri. Ni mara chache tunaigeuza, tuulize ni mti gani wa thamani tumeutupa kwa sababu haukupakwa rangi.

Mwanamke wa Kiswahili, kwa upande wake, ameshalitatua suala la mavazi kuongea kwa namna ambayo sijaona popote pengine: ameandika kabisa. Anavaa kanga, anapita mbele ya nyumba ya anayemsema, anasalimia kwa upole, na ujumbe unaondoka naye mgongoni. Hakuna wa kumshtaki. Hata hapa bara, kwenye misiba na harusi za Dodoma, kanga huchaguliwa kwa maandishi yake, na shangazi zangu wanaweza kueleza ugomvi mzima wa ukoo kwa kutaja kanga zilizovaliwa.

Kuna kitu kimoja cha mwili ninachokipenda mno, na nimekiona kwa mama yangu. Anapoongea kwa simu na mkwe wake mwanamume, anapiga goti. Si goti la kufika chini, ni kule kukunja magoti kidogo na kuinamisha kichwa, yupo peke yake jikoni, anasonga ugali wa mtama na mkono mwingine umeshika simu. Watoto wanamcheka. Mimi simcheki, kwa sababu goti lile halikuwa la kuonyeshwa mtu. Mwaka 1998 watafiti Jana Iverson na Susan Goldin-Meadow walionyesha kwamba watu waliozaliwa vipofu wanatumia mikono wanapoongea sawa na wanaoona, hata wakiongea na kipofu mwenzao. Mkono unasaidia wazo litoke. Goti la mama linasaidia heshima itoke, na naamini sauti yake ingebadilika kama angesimama wima. Kwa hiyo kumwambia kijana "acha kuinama, simama kifua mbele" si kumrekebisha mkao tu. Unamwondolea namna aliyoizoea ya kuwaza mbele ya mkubwa, na unataka awaze vizuri papo hapo.

Kuhusu kifua mbele, kulikuwa na fundisho lililoenea duniani kote tangu mwaka 2010, kwamba ukisimama dakika mbili umejitanua, mikono kiunoni, homoni zako zinabadilika na unapata ujasiri. Vijana wangu bado wanafanya hivyo chooni kabla ya kuitwa. Mwaka 2015 jaribio kubwa zaidi halikupata mabadiliko hayo ya homoni, na mwaka 2016 Dana Carney, aliyekuwa mwandishi wa kwanza wa utafiti ule wa mwanzo, alisema hadharani kwamba haamini tena kuwa athari hiyo ipo. Nawaambia wanywe maji na wapumue.

Lakini imani inayoumiza zaidi ni ile ya uongo na macho. Mwaka 2006 matokeo ya uchunguzi uliofanyika katika nchi 58 yalionyesha kwamba watu karibu kila mahali wanaamini kitu kimoja: mwongo hakuangalii machoni. Mwaka huohuo Charles Bond na Bella DePaulo walikusanya tafiti nyingi zenye washiriki zaidi ya 24,000, wakauliza binadamu anaweza kumtambua mwongo kwa kiasi gani akimtazama na kumsikiliza tu. Jibu ni asilimia 54. Ukirusha shilingi utapata 50. Na mwongo mzoefu, kama tunavyojua sote tuliowahi kuuziwa kiwanja cha mtu mwingine hapa mjini au kumjua aliyeuziwa, anakuangalia machoni vizuri kabisa, ana koti, ana bahasha, ana mhuri.

Kwa hiyo anayeinamisha macho anapoulizwa cheti kimetoka wapi, anapoulizwa mtoto alianza kuumwa lini, anapoulizwa ng'ombe ni wa nani, yupo kwenye hatari ambayo haikutokana na alichofanya. Hili linawahusu polisi, linawahusu walimu, na manesi pia. Msichana wa shule anayenyamaza na kuangalia sakafu mbele ya mwalimu mkuu si lazima amekiri. Pengine anafanya kile alichoambiwa na bibi yake kwamba ndiyo adabu, na anangoja aruhusiwe kusema.

Yupo ofisa mmoja kijana, kwenye ofisi isiyo mbali na duka langu, ambaye nimemwona mara nyingi kwa sababu huja kutoa kopi. Si Mgogo, nadhani ametokea Kagera. Akimpata mzee au mama wa kijijini hamsikilizi kwenye dirisha. Anatoka, anakaa naye kwenye benchi la nje chini ya mwarobaini, ubavu kwa ubavu, wanatazama barabara. Anaanza na habari za nyumbani na anazisikiliza. Akishaeleza jambo lake ananyamaza, anangoja, na ukimya ukiwa mrefu hauogopi. Mwisho kabisa anasema, "Sasa mama nieleze wewe, tumekubaliana nini?" Hapo ndipo yanapotoka mambo ambayo hayakutoka kwa zile "eeh" zote. Akirudi ndani anaandika alichoambiwa. Wenzake walimlalamikia mwanzoni kwamba anachelewesha foleni, mpaka walipoona watu wake hawarudi na malalamiko wiki inayofuata.

Wazee wameshamjua. Hawajui jina lake, wanapita kwangu kwanza kuuliza kama yule kijana wa kwenye benchi yupo kazini leo. Nikiwaambia yupo safarini, wengine hawaingii ofisini kabisa. Wanakunja karatasi zao, wanarudi stendi na nauli ya pili, wanasema watakuja akirudi.